Ng'ombe Aliyeitwa Mama Mchungaji

Habari za msiba zilimkuta Elina akigombana juu ya rangi ya vitenge.

Kina mama wa kwaya ya Kinyala walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa tangu asubuhi. Nusu walitaka zambarau, nusu walitaka kijani, na mmoja mwenye binamu anayeuza nguo Tukuyu alitaka kile tu ambacho binamu yake ameshindwa kukiuza. Elina alikuwa mzee wa kanisa, tena mwanamke aliyemaliza kidato cha nne enzi zile ambazo cheti kilitundikwa ukutani kama picha ya Yesu. Alikuwa amesimama mbele akiwaeleza kwamba zambarau ni ya kwaresima, na kijani kitawafanya waonekane kama migomba inayotembea. Ndipo Nsajigwa alipochungulia dirishani.

Nsajigwa alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Elina. Mungu alimjalia miguu ya kwenda mbio, akasahau kumjalia mdomo wa kupeleka habari.

"Shikamoo, dada Elina. Mvua ya jana ilikuwa kubwa."

"Marahaba. Umeletwa na mvua?"

"Hapana. Nimekuja kwa ajili ya kaka Ambindwile. Hajisikii vizuri."

"Hajisikii vizuri vipi?"

Nsajigwa akashika nondo za dirisha. "Yaani, dada... hajisikii."

Kina mama wakasogea dirishani.

"Nsajigwa, sema kama mtu mzima. Kaka yangu yuko vibaya kiasi gani?"

"Kiasi cha... wameshamfunga kidevu."

Wale kina mama wakalia wote kwa pamoja, na kwa kuwa walikuwa kwaya, walilia kwa sauti nne. Sauti ya tatu, ambayo mwaka mzima ilikuwa haishiki hata wimbo wa kufungia ibada, siku ile ilishika barabara. Elina hakulia. Alikaa juu ya furushi la vitenge, akasikia neno la kwanza likimpita kichwani: Ee Kyala, ee Mungu. Nalo la pili likafuata hapohapo, likilisukuma la kwanza: na bado ametengwa.

Ushirika wao ulikuwa na desturi yake, na kila mtu wa Kinyala aliijua. Mtu aliyetengwa na meza ya Bwana akifa kabla ya kurudishwa, kengele haipigwi. Matarumbeta hayatoki kwenye kabati. Mwili hauingii kanisani, na mchungaji havai joho. Anatumwa mzee mmoja nyumbani, anasoma sala fupi kama mtu anayekimbiza gari, halafu udongo. Wezi waliotubu walizikwa kwa tarumbeta. Walevi waliotubu walizikwa kwa tarumbeta. Ambindwile hakuiba, na pombe ya kimpumu aliionja kwenye harusi tu, lakini alikuwa na miaka mitano nje ya meza kwa kosa la kumpa ng'ombe jina.

Elina akanyanyuka, akafunga kanga kiunoni. Alijua safari ya kwenda kwa kaka yake haikuwa ya kulia tu. Kulikuwa na kazi ya kumtafutia marehemu kengele.

*

Ambindwile alikuwa mchochea moto kwenye kiwanda cha chai. Alilisha tanuri kuni mpaka nyusi zake zikasahau kuota. Kisha ikaja ile miaka ambayo kila kitu kiliuzwa: mashamba yakauzwa, magari yakauzwa, hata ubao wa matangazo wa kiwanda ukauzwa, na wenyewe wapya wakaja na mashine isiyohitaji mtu mwenye nyusi wala asiye nazo. Wazee wenzake walikaa barabarani wakilalamika. Yeye alisema, "Serikali imejitoa kwenye biashara, na wakati inatoka imenishika mkono tukatoka wote." Kiinua mgongo chake akakinunulia mtamba wa kisasa, Friesian, mweusi na mweupe, mwenye mimba.

Siku mtamba alipofika, nusu ya kijiji ilikuwa zizini. Ng'ombe yule hakuingia kama ng'ombe wengine. Alisimama kwanza mlangoni. Akageuza shingo kushoto, taratibu, akatazama nani amekuja. Akageuza kulia, akatazama nani hakuja. Kisha akaingia kwa hatua za polepole, makalio yakienda huku na huku kwa heshima kubwa, akafika mbele kabisa, akakataa kulala mpaka aikague sakafu.

"Jamani," Ambindwile akasema, "si Mama Mchungaji huyu?"

Watu walicheka mpaka wakashika nguzo. Mama Mchungaji mwenyewe, Atupakisye, mke wa Mchungaji Yohane, aliingia kanisani kila Jumapili kwa hatua hizohizo, kwa shingo hiyohiyo, na kwa upana huohuo. Jina likaganda palepale.

Elina alikasirika. "Kaka, badili jina la huyo ng'ombe."

"Nimwite nani? Elina?"

"Mwite Neema. Mwite Tumaini. Majina yamejaa kwenye Biblia."

"Ameshalijua lake. Nikimwita Neema anatazama nyuma kuona nani ameitwa."

Basi ikawa kila asubuhi, katika ukungu wa Kinyala, sauti ya Ambindwile inapanda kilima: Mama Mchungaji, sogea! Mama Mchungaji, acha kupiga teke! Ng'ombe alipopata joto la kutaka dume, Ambindwile alisimama njiani akamwita yule bwana wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, ambaye watu walimwita dume la baiskeli: "Fanya haraka, Mama Mchungaji hawezi kungoja mpaka kesho!" Waliokuwa wakipita kwenda shamba walivuka ng'ambo ya njia ili wacheke vizuri. Maziwa ya ng'ombe yule, lakini, hayakuwa na utani. Yalisomesha watoto wawili wa Ambindwile, yalimuuguza mkewe mpaka alipofariki, na yaliyobaki yalikwenda kwenye kituo cha maziwa cha kikundi.

Kikundi cha wafugaji kilikuwa na vitu viwili: mwenyekiti na bomba la sindano. Zamani bwana mifugo alikuja na dawa za serikali. Sasa serikali ilikuwa imesema soko ni huria, maana yake kila mtu ajitibie ng'ombe wake, na josho la kata lilikuwa limekauka, vyura wakahamia. Wanachama wakanunua bomba moja la chuma na sindano yake, wakampa Ambindwile alitunze, kwa hoja kwamba mtu aliyefanya kazi kwenye tanuri anajua kuchemsha. Na kweli alichemsha. Kila siku ya chanjo alichemsha sindano asubuhi mpaka sufuria ikalia. Halafu akapita nayo zizi hadi zizi, sindano ileile, na kila alipotoka kwa ng'ombe mmoja aliifuta kwenye paja la suruali kabla ya kumchoma mwingine. Ilitoka nyumbani safi kama mkate wa sakramenti. Ikifika zizi la mwisho ilikuwa imeonja damu ya kata nzima.

*

Mwaka wa mvua za Elinino, Mama Mchungaji wa zizini alianza kudhoofika.

Kwanza alijikwaruza mguu kwenye msumari, kijeraha kisicho na maana, kikakataa kufunga. Kisha kiwele kikavimba. Kikatibiwa, kikapona, kikavimba tena. Kikatibiwa kwa dawa ya bei kubwa zaidi, kikafikiria kidogo, kikavimba tena. Mwisho vikatokea vinundu chini ya taya na mbele ya bega, vikubwa kama maparachichi machanga, na jicho moja likaanza kutoka nje kama linataka kuona nani anakuja.

Ambindwile akamwita Hezron. Huyu alikuwa daktari wa mifugo, Mpare aliyeletwa Rungwe na serikali ujanani, serikali ikampunguza kazi, naye akashindwa kurudi kwao kwa sababu alishazoea ndizi. Alifungua duka la dawa za mifugo Tukuyu na alikuwa na pikipiki iliyosikika kabla hajafika na baada ya kuondoka. Alimshika ng'ombe kila mahali, akachukua damu, akaipeleka Mbeya, nako wakaisafirisha mbele zaidi. Majibu yalipokuja, maparachichi ya miti yalishaisha na yale ya shingoni yalishaiva.

Siku ya majibu Elina alikuwepo, amekuja kuchukua maziwa. Hezron alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Mzee wangu, damu ina chembe nyekundu na chembe nyeupe. Nyekundu ni wapagazi, wanabeba hewa. Nyeupe ni askari."

"Mgambo," Ambindwile akasema.

"Haya, mgambo. Wapo wa aina nyingi. Wapo wanaomkamata mwizi wakammeza. Wapo wanaotengeneza pingu za kumfunga. Sasa kuna kirusi kimeingia ndani ya hawa watengeneza pingu. Hakiwaui."

"Afadhali."

"Si afadhali. Kinakaa ndani ya askari maisha yake yote. Askari akizaa askari, anazaa pamoja na kirusi. Ukipima damu unakuta askari tele, kuliko wa ng'ombe mwenye afya. Unasema, huyu analindwa. Kumbe ni jeshi la sare tu. Adui akiingia, wachache wanashika pingu, wengine wanatazamana."

"Hiyo ni serikali ya kijiji chetu kabisa."

"Kaka!" Elina akamkemea.

"Mwache daktari amalize, dada."

"Ng'ombe wengi wanaishi nacho mpaka wazeeke, hawaonyeshi kitu," Hezron akaendelea. "Lakini kwa wachache hao askari wanapotea njia kabisa, wanazaana bila amri, wanajazana kwenye tezi. Ndiyo hivyo vinundu. Kidonda kinataka askari, hakiwapati. Kiwele kinataka askari, hakiwapati. Wewe unamchoma dawa, dawa inaingia ndani inatafuta mwenyeji wa kusaidiana naye, inakuta nyumba ya walevi."

"Tiba yake?"

"Hakuna."

Ambindwile akaweka mkono kwenye mgongo wa ng'ombe. "Na alikipata wapi? Mimi humpandisha kwa mrija. Hajawahi hata kumwona dume uso kwa uso."

"Kwa damu, mzee. Tone dogo tu. Kisu cha kukatia pembe, nzi wale wakubwa wanaouma. Sindano."

Ambindwile akatazama paja la suruali yake. Lilikuwa na doa la zamani, la kahawia, ambalo mkewe alilisugua miaka mingi bila kulitoa. Alilitazama kwa muda, kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo ni ukimwi wa ng'ombe?"

"Si ukimwi. Ni ndugu wa mbali wa kirusi kile, ukoo mmoja, lakini hiki ni cha ng'ombe. Hatujaona mtu akiugua kwa ajili yake. Maziwa chemsheni kama kawaida, mnywe. Ila ng'ombe wa kikundi wapimwe wote, na kila ng'ombe awe na sindano yake."

Katika maneno yote ya Hezron, kijiji kilibeba mawili: ndugu na ukimwi.

Kesho yake, kwenye kituo cha maziwa, Ambindwile alisimama mbele ya wanachama akasema kwa sauti ya mtu aliyelemewa: "Ndugu zangu, Mama Mchungaji amepimwa damu. Ana ndugu wa ukimwi. Na wengine mkapime, maana sindano ilikuwa moja." Watu wa Kinyala walielewa, kwa sababu walimjua ng'ombe. Lakini palikuwa na mwanamke wa Kisiba amekuja na maharage yake, naye ng'ombe hakumjua. Habari ilipofika Kisiba, neno "ndugu" lilikuwa limeshadondoka njiani. Ilipofika sokoni Tukuyu, zizi lilikuwa hospitali. Iliporudi Kinyala siku ya Jumapili, ilikuwa imenenepa, imevaa viatu, na haikuwa na ng'ombe hata mmoja ndani yake.

Ilikuwa miaka ambayo mtu akikonda kidogo watu walianza kuhesabu nani alikuwa rafiki yake. Mama Mchungaji Atupakisye hakukonda hata kidogo, lakini walisema hiyo ndiyo hatari yenyewe, ukimwi unajificha.

*

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa. Elina alikuwa mjumbe, na kwa aibu ya ukoo alinyamaza. Mchungaji Yohane, mtu mpole, aliyeogopa ugomvi kuliko alivyoogopa shetani, hakutaka hata kulitaja jambo lenyewe. Alisema tu "lile suala". Mzee Ackson, aliyekuwa mlezi wa taratibu na mwenye sauti ya bati, ndiye aliyetoa hukumu: Ambindwile atengwe na meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya ushirika wote, amwombe radhi Mama Mchungaji.

Ambindwile hakubisha. Jumapili ya toba alikuja na koti alilozikia mke wake. Akasimama mbele, akashika kofia kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alisema, "namwomba radhi Mama Mchungaji."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Nimemkosea sana. Alinilisha mimi, akawalisha wanangu, na mimi nikamchoma sindano chafu. Nikaifuta kwenye suruali nikamchoma. Sikujua. Lakini kutojua hakukumsaidia yeye. Sasa damu yake imeharibika, jicho linamtoka, na bado nikiingia asubuhi ananigeuzia shingo ananitazama..."

Hapo akaanza kulia. Mtu ambaye hakutoa chozi kiwanda kilipomfukuza, alilia mbele ya madhabahu, kamasi zikaingia kwenye sharubu. Na kanisa zima likaanguka kwa kicheko. Mpiga kinanda alificha uso kwenye kinanda, kikapiga sauti zote kwa pamoja. Mama mmoja wa benchi la mbele alitolewa nje amekumbatia nguzo ya mlango.

Elina pekee ndiye aliyeona kwamba kaka yake hakuwa anafanya mzaha. Aliambiwa amwombe radhi Mama Mchungaji, naye akamwomba. Kichwani mwake alikuwa na Mama Mchungaji mmoja tu wa kumlilia.

Mzee Ackson alisema ni dhihaka mbele ya madhabahu. Kutengwa kukaendelea, safari hii bila ukomo, mpaka atubu "kwa namna inayoeleweka".

Ng'ombe alikufa baada ya majuma machache. Ambindwile alimzika nyuma ya migomba na akawafukuza kwa fimbo waliokuja na visu, ambao hawakumsamehe kwa nyama ile. Kisha akabadilika akawa kero. Alizunguka kila zizi akiwahubiria watu juu ya askari weupe. Ukimwazima kisu cha kukatia pembe alikuuliza kimechemshwa lini, kwa maji ya wapi. Aliwasumbua wanachama mpaka wakanunua sindano za kutosha, kila ng'ombe na yake, zimefungwa kwa uzi wenye jina. Hezron alipopima ng'ombe wa kikundi, kadhaa walikuwa na kirusi kile, na mmoja wao alikuwa ng'ombe wa Mchungaji, jambo ambalo baraza halikuliweka kwenye ajenda.

Ng'ombe wake wa pili Ambindwile alimwita Ng'ombe, ili baraza lilale usingizi.

Jumapili alikuja kanisani, lakini alikaa nje, chini ya paa, karibu na dirisha la kwaya, akaimba besi kutokea huko. Besi za ndani zilikuwa mbili na zote zilikuwa na pumu, kwa hiyo kwaya ilimtegemea yule aliyetengwa, na hakuna mzee aliyethubutu kumfungia dirisha.

"Kaka, nenda ukatubu vizuri," Elina alimsihi mara nyingi.

"Nilitubu vizuri. Wao ndio waliosikia vibaya."

"Na ukifa je? Utazikwa kama mbwa?"

"Nikifa utahangaika wewe, dada. Mimi nitakuwa nimelala."

*

Na kweli, alikuwa amelala. Presha ilimwangusha kwenye matete ya malisho, panga mkononi, na Nsajigwa alipomkuta, Ng'ombe alikuwa amekwisha kula nusu ya mzigo uliokatwa.

Elina alipofika, wanaume walikuwa wameketi uani juu ya majani ya migomba, wanawake wameujaza ukumbi kwa vilio. Aliingia, akamtazama kaka yake, akamfunika tena uso. Akasema moyoni, Bwana, wewe ulizaliwa zizini, jambo hili unalielewa kuliko baraza. Halafu akatoka kuwatafuta wazee.

Walikuwa wamekaa nyuma, karibu na banda la majani, kwa sababu huko kulikuwa na kivuli. Mchungaji Yohane alikuwa anasafisha miwani ambayo ilikuwa safi tayari.

"Pole sana, Mama," akasema. "Pole mno. Tumekubaliana Mzee Ackson atasoma sala hapa nyumbani."

"Kengele?"

"Unajua taratibu zetu."

"Mchungaji, mtu huyu aliimba besi nje ya dirisha lako miaka mitano, kwenye mvua ya Rungwe, siyo mvua ya mahali pengine. Na mwizi wa kabati la sadaka mlimpigia tarumbeta."

"Mwizi alitubu," Mzee Ackson akasema.

"Na Ambindwile alilia mpaka kamasi!"

"Alimlilia ng'ombe."

"Yesu alizaliwa kati ya ng'ombe, Mzee Ackson!"

"Lakini hakumwita hata mmoja jina la mke wa Kayafa."

Hezron, aliyekuwa amefika na pikipiki yake na kukaa pembeni kama mgeni mwenye adabu, alikohoa ili asicheke. Elina hakucheka. Hoja zilikuwa zimemwishia, na machozi aliyoyazuia tangu kanisani yalianza kumtoka. Alijiona amefika mwisho: kesho kaka yake angeteremshwa shimoni kimyakimya, na watu wangeondoka wakisema, naam, alikuwa mtu wa mzaha.

Ndipo shingo ikaonekana kwenye kona ya nyumba. Iligeuka kushoto. Ikageuka kulia. Mama Mchungaji Atupakisye akaja kwa hatua zake zilezile, kikapu mkononi, akasimama katikati ya baraza.

"Mnamjadili nani?" akauliza.

"Mama, hili ni la wazee," Mchungaji akasema kwa upole.

"Aliyetukanwa ni nani?"

Mzee Ackson akageukia banda la majani.

"Nauliza, Mzee Ackson. Aliyetukanwa ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Ndiyo maana sisi tuli..."

"Kuna aliyekuja kuniuliza? Miaka mitano hii, kuna mtu mmoja, hata wewe Elina, aliyekuja kuniuliza, Mama, unasemaje?" Alitazama uso mmoja baada ya mwingine. "Basi leo nasema. Habari ile ilipoenea, kina mama wa umoja wa kanisa waliniwekea kikombe changu peke yake kwenye chai. Cha bluu. Walisema ni cha heshima. Mkono wangu wakaacha kuushika, wakawa wananisalimia kwa kuinamisha kichwa, kama mimi ni askofu. Hao hamkuwatenga. Baada ya ile Jumapili mliyomcheka, Ambindwile alikuja kwangu, mlango wa jikoni. Akasema, Mama, wamenifahamisha kwamba nilimwomba radhi asiyehusika. Akaniomba radhi mimi. Halafu akaomba chai. Nikasema vikombe vyote vichafu, nina hiki changu tu. Akasema, kwani chako kina nini? Akakinywea kile cha bluu mpaka mwisho, akakilamba sukari."

Elina alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Hakuniambia," akanong'ona.

"Alisema msamaha akishapewa hahitaji mwingine wa akiba." Mama Mchungaji akashusha kikapu. "Na ng'ombe mwenyewe nilikwenda kumwona kabla hajafa. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyotembea. Baba Mchungaji, ni mimi kabisa. Kama ningempinga Ambindwile ningekuwa mwongo."

Hezron alishindwa. Alicheka, akamwambukiza Nsajigwa, na Nsajigwa akawaambukiza wachimba kaburi waliokuja kuomba maji.

"Lakini, Mama," Mchungaji Yohane akasema, akiisugua miwani tena, "mbona hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia. Nilikuambia chumbani, mara nyingi. Ukasema ni mambo ya baraza. Sasa leo nimekuletea barazani."

Mzee Ackson alifungua mdomo kutafuta taratibu, akaangalia huku na huku, asizione. Akaufunga. Mwishowe akasema, "Kama aliyekosewa amesamehe, na mkosaji aliomba, basi alirudishwa siku ile. Sisi ndio tulichelewa kupata habari."

"Semeni hivyo mbele ya watu kesho," Elina akasema. "Kwa namna inayoeleweka."

Mchungaji akavaa miwani. Akaomba apate mtu wa kwenda kuchukua joho.

"Limo kikapuni," mkewe akasema. "Nimelipiga pasi."

*

Kengele ilipigwa asubuhi. Ambindwile aliingizwa kanisani kwa mlango mkubwa, jeneza lake likabebwa na watu wa kikundi cha wafugaji kwa kupokezana, kwa sababu njia ilikuwa na utelezi. Mchungaji Yohane aliwaambia watu kwamba marehemu alikuwa mshirika kamili, na kwamba baraza lilichelewa kulitambua hilo. Hakueleza zaidi na hakuna aliyemwuliza. Kwaya iliimba ikiwa na vitenge vya zamani, na besi zilikuwa dhaifu.

Kaburi lilikuwa upande wa juu wa nyumba, kando ya la mkewe. Matarumbeta yalipiga wakati jeneza linashuka. Watoto wake wawili walitupa udongo, wakafuata ndugu, akatupa Hezron, akatupa Mama Mchungaji. Elina alitupa mwishoni. Alisema "Lala salama, kaka, ndaga fijo, asante sana," akaomba Baba Yetu pamoja na wengine. Vijana wa kijiji wakajaza shimo kwa majembe mpaka likawa tuta, wakapanga juu yake majani na maua. Mvua ilianza kunyesha kidogo. Watu wakashuka uani, wakanawa mikono, wakala ndizi na nyama, na waliotoka mbali wakaaga.